Kasuku mdogo amebadilika tabia: maswali ninayoulizwa mara kwa mara hapa Tanga

Majibu haya ni ya mwenye kasuku mdogo wa Australia, yule mwenye mistari myeusi kichwani na mgongoni, awe wa kijani, buluu, manjano au mweupe. Jina lake la kisayansi ni Melopsittacus undulatus. Ana urefu wa sentimita 18 hivi, na wengi wao huwa na gramu 30 hadi 40. Sehemu kubwa ya majibu itamfaa pia mwenye wale kasuku wa kwetu wenye mkia mfupi na uso wa rangi ya chungwa, ambao asili yao ni kaskazini mwa Tanzania.

Nitajuaje kama tabia hii ni ngeni kweli, au ndivyo alivyo?

Hutajua kama hukumzoea akiwa mzima. Anayenijia na tundu mkononi huwa namuuliza kwanza: kwa kawaida analala kijiti kipi? Akiamka anaanza kula au anaanza kupiga kelele? Anakuja mlangoni ukimkaribia au anarudi nyuma? Wengi hunyamaza. Sasa bila majibu hayo, mimi na hata daktari tunabahatisha. Kuna kasuku mpole tangu utotoni na kuna mwingine asiyefunga mdomo kutwa. Yule mpole akikaa kimya hakuna habari. Huyu mwingine akikaa kimya toka asubuhi hadi adhuhuri, kuna jambo.

Ndege huyu kwao huishi kwa makundi na huwindwa na mwewe na kozi. Anayeonekana dhaifu ndiye anayekamatwa, kwa hiyo amezaliwa na tabia ya kujikaza. Anajikaza mpaka nguvu zimwishe, na siku unayomwona mgonjwa huenda ameugua siku kadhaa zilizopita. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa kasuku mdogo kifo chenyewe hakichelewi.

Mshinde kwa mizani. Tafuta mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja, weka juu yake kibakuli chenye punje za ulezi, mwache apande mwenyewe. Fanya hivyo asubuhi kabla hajala, mara moja au mbili kwa wiki, uandike. Wa gramu 36 akishuka hadi 32 amepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na kwa macho utamwona yuleyule tu kwa sababu manyoya yanaficha. Hapo usingoje dalili nyingine.

Chakula kimejaa kibakulini lakini hali. Kwa nini?

Kabla ya yote, inama ukipulize kibakuli. Kasuku hamezi punje nzima nzima. Anaibana mdomoni, anaizungusha kwa ulimi, anaivua ganda na kulidondosha palepale. Baada ya siku moja au mbili unachokiona juu ni makapi matupu, na mwenye nyumba anasema "bado kingi, nitaongeza kesho". Ndege anashinda njaa mbele ya bakuli lililojaa. Pepeta kila asubuhi, au mwaga uweke kipya.

Kama punje zipo na hali, tazama anafanya nini akienda kibakulini. Kuna mgonjwa anayechezesha punje mdomoni na kuziangusha bila kuzivua, ili ionekane anakula. Huyo ni wa kupelekwa kwa daktari siku hiyohiyo, maana ndege mdogo hana akiba ya kukaa na njaa.

Na kama anakula punje tu maisha yake yote, tatizo linakuja polepole. Ulezi, uwele na mtama wa masoko ya Mgandini au Makorora ni chakula kizuri, ila havina vitamini A ya kutosha na vina upungufu wa madini ya joto. Mzoeshe mchicha, majani ya mlonge, karoti iliyokwaruzwa. Wengi huyakataa mwanzoni. Chovya majani kwenye maji uyaning'inize yakiwa yanadondosha matone. Ataanza kwa kujisugua humo kama anaoga, kisha atayang'ata. Parachichi usimpe kabisa, hata kipande, kwani ni sumu kwake. Chokoleti, kahawa na vitu vya chumvi pia hapana. Kisamvu kibichi kiache, kina sumu ambayo hutoka kwa kutwangwa na kupikwa.

Amejitunisha manyoya, amefumba macho mchana. Amechoka au anaumwa?

Tazama miguu. Ndege anayepumzika akiwa mzima husimama kwa mguu mmoja, mwingine ameukunja tumboni, na mara nyingi huwa anasagasaga mdomo kwa sauti ndogo ya kukwaruza. Sauti hiyo huwatisha watu, lakini ni ya ndege aliyeridhika anayekaribia kulala. Ukimwita atafumbua macho na kujibana manyoya.

Mgonjwa husimama kwa miguu yote miwili, amevimba kama mpira, na hata ukisogea hajali. Akishashuka na kukaa sakafuni mwa tundu, huo ni wakati wa kukimbia. Mpe joto ukiwa unatafuta usafiri: funika pande tatu za tundu kwa khanga, weka chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo upande mmoja, ili akizidiwa na joto aweze kusogea upande mwingine. Nyuzi 28 hadi 30 zinatosha. Huku Tanga miezi ya kaskazi hewa yenyewe imeshafika hapo, kwa hiyo usimwekee taa ya moto juu ya joto la Februari. Msitiri tu na upepo wa feni.

Anahema mdomo wazi na mkia unapanda na kushuka. Ni joto?

Inawezekana. Ndege hana jasho. Akizidiwa na joto hutanua mabawa kidogo mbali na mwili na kuhema. Hilo hutokea sana kuanzia Desemba hadi Machi, hasa matundu yakiwekwa barazani upande wa jua la alasiri au chini ya bati lisilo na dari. Mhamishie kivulini penye hewa, mpe maji ya kawaida na sahani bapa ya kuogea, mnyunyizie manyunyu mepesi. Usimwogeshe kwa maji ya barafu. Akiwa ni joto tu, muda mfupi utamwona ametulia.

Akiendelea kuhema akiwa kivulini, au ukiona mkia unapiga juu chini kwa kila pumzi wakati ametulia, si joto tena. Hapo ni mapafu au vifuko vya hewa, au kitu kinachomkandamiza kwa ndani, kama yai. Akitoa sauti ya mluzi au ya kukwaruza kwenye pumzi, na ni ndege aliyelishwa punje peke yake, daktari atafikiria pia uvimbe wa tezi ya shingo unaoletwa na upungufu wa madini ya joto. Huo hutibika ukiwahiwa. Usimshike sana kifuani ukiwa njiani: ndege hana kiwambo cha kuvuta pumzi kama sisi, kifua chake lazima kipate nafasi ya kupanda na kushuka. Ukimbana kifua unamnyonga.

Kufukiza udi na ubani kunamdhuru?

Ndiyo, na najua jibu hili halipendezi nyumba nyingi. Sisemi watu waache udi wa Ijumaa wala chetezo cha arusi. Nasema tundu litolewe kwanza, lipelekwe uani au kwa jirani, na lisirudishwe mpaka chumba kimepigwa na upepo na harufu imekwisha.

Sababu iko kwenye maumbile yake. Mapafu ya ndege yameungana na vifuko vya hewa vilivyosambaa mwilini, hewa inapita ndani kwa mkondo mmoja, na damu yake inanyonya kilichomo hewani kwa haraka kuliko yetu. Ndiyo maana wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walishuka migodini na ndege wadogo hadi mwaka 1986: hewa ya sumu ilimwangusha ndege kabla ya mtu kuhisi chochote. Kasuku wako sebuleni yuko kwenye hali hiyohiyo. Moshi wa mkaa, dawa ya mbu ya kuchoma, dawa ya kupuliza ya wadudu, sigara, rangi mpya ya ukutani, vyote vinamfikia yeye kwanza.

La hatari kuliko yote halina hata moshi wa kuonekana. Vikaango visivyoshika chakula, vile vyenye utando mweusi, vikisahaulika jikoni vikaungua vitupu, hutoa mvuke unaoua ndege kwa muda mfupi sana, mara nyingine dakika chache, hata akiwa chumba cha pili. Watu hudhani ndege amepatwa na kitu cha ghafla kisichojulikana. Mwenye kasuku apikie sufuria ya kawaida au chuma.

Usiku anajipigapiga ndani ya tundu. Bibi anasema ameona jini.

Bibi ana haki ya kushtuka, kelele zile saa 8 usiku zinatisha. Lakini kasuku huyu haoni vizuri gizani, na akishtuliwa silika yake ni kuruka juu kwa nguvu, kama ambavyo angeruka na kundi lake. Ndani ya tundu anagonga waya, anashtuka zaidi, anagonga tena. Huku kwetu vya kumshtua havikosi: mjusi anapita ukutani, paka juu ya bati, popo wanaogombea matunda ya mkungu nje ya dirisha, taa za pikipiki zinazopita pazia, umeme ukikatika na kurudi ghafla.

Washa taa taratibu, ongea naye kwa sauti yako ya kila siku, usiingize mkono. Akitulia, angalia kama kuna damu. Unyoya mchanga wa bawa ukivunjika hutoa damu nyingi, na ndege wa gramu 35 hana damu ya kupoteza. Bana mahali hapo kwa kitambaa safi au unga wa mahindi, na ikiendelea dakika chache mpeleke. Kuanzia usiku unaofuata mwachie taa hafifu, funika tundu kwa shuka pande tatu, liweke mbali na dirisha. Anahitaji saa 10 hadi 12 za kulala, kwa hiyo kumweka sebuleni na televisheni hadi saa 6 usiku, kisha aamke na adhana ya alfajiri, ni kumkosesha usingizi. Ukali na uchovu wa mchana mara nyingi umeanzia hapo.

Kunguru nao humsumbua mchana. Usitundike tundu nje ukaondoka.

Anatikisa kichwa na kutoa chakula mdomoni. Ni kutapika?

Kuna kucheua na kuna kutapika, na tofauti inaonekana wazi ukikaa ukatazama. Anayecheua hunyanyua na kushusha shingo kwa mpangilio, macho yamechangamka, kisha anaziweka punje taratibu mbele ya mwenzake, kioo, kengele, au kidole chako. Ni mapenzi, ndivyo dume anavyomlisha jike. Akikifanyia kioo kutwa nzima, toa kioo. Hakimpi jibu na anazidi kujichosha, wengine hata hukonda.

Anayetapika hutupa kichwa kushoto na kulia, punje na ute vinaruka kwenye waya na kuta, na manyoya ya utosini yanakuwa yameshikana kwa unata. Pengine mdomo unanuka uchachu. Gole, ule mfuko wa chakula shingoni, linaweza kuwa na fangasi, bakteria au vijidudu, na kwa macho huwezi kujua kipi. Anahitaji kupimwa ute wake.

Jike langu liko peke yake na limetaga. Inawezekanaje?

Inawezekana kama kwa kuku: yai halihitaji dume, ila halitaanguliwa. Kinachomchochea ni mchana mrefu wa taa, chakula kingi, na mahali panapofanana na kiota, kama kikasha, kibuyu au pembe yenye giza. Viondoe hivyo, mlaze mapema. Mayai yenyewe usiyanyakue, kwani atataga mengine kufidia. Mwachie ayaatamie mpaka ayachoke, kama wiki tatu hivi.

Kutaga kunamaliza chokaa mwilini. Mpe mfupa wa dome, yule wa baharini wa jamii ya ngisi. Huokotwa ufukweni au unaweza kuuomba kwa wavuvi wanaosafisha dome; uloweke maji safi siku kadhaa ukibadilisha maji, uchemshe, uanike juani mpaka ukauke kabisa, kisha uubane kwenye waya upande laini ukimtazama.

Akisimama miguu ameitanua, tumbo limevimba, anajikamua na mkia unapiga, yai limekwama. Usilikande wala usilibonyeze, likipasukia ndani atakufa. Joto, unyevu kidogo hewani, na daktari saa ileile.

Ngozi iliyo juu ya mdomo imebadilika rangi. Nifanye nini?

Dume mzima kwa kawaida ana ngozi ya buluu penye matundu ya pua, jike ana ya kahawia au nyeupe inayoelekea kahawia. Jike akiwa tayari kutaga ngozi hiyo hunenepa na kuwa kahawia iliyokolea, hata kubanduka kidogo. Hayo ni maumbile yake. Lakini dume wa buluu akigeuka kahawia, daktari aangalie kama ana uvimbe kwenye korodani, ugonjwa ambao kasuku hawa wanao sana.

Kukiwa na ukoko mweupe wenye vitundu vidogo vidogo kama sifongo, kwenye pembe za mdomo, puani au miguuni, huo ni utitiri unaochimba ngozi. Watu hupaka mafuta ya taa. Tafadhali usifanye hivyo, yanaunguza na anayavuta puani. Ipo dawa inayouponya vizuri, ivermectin, lakini kipimo chake kwa ndege mdogo ni kidogo mno na lazima apime daktari.

Kinyesi kimebadilika. Nitazame nini?

Tandika karatasi nyeupe chini ya tundu, asubuhi uitazame kabla ya kuitupa. Kinyesi kizima kina sehemu tatu: kamba ndogo ya kijani au kahawia, kitone cheupe, na maji kidogo pembeni. Akila karoti au tango rangi na maji hubadilika, usihangaike. Sehemu nyeupe ikigeuka manjano au kijani, punje zikitoka nzima, kukiwa na damu au kitu cheusi kama lami, au vikipungua sana, usipuuze. Ndege mzima huacha alama nyingi, mara 25 hadi 50 kwa siku. Manyoya ya mkiani yakichafuka na kugandamana pia ni dalili.

Ameanza kung'ata, na alikuwa mpole.

Mara nyingi ni kubadilisha manyoya. Nyoya jipya huchomoza likiwa na ganda gumu, linawasha, na ukimkuna mahali pake linauma. Wakati mwingine ni joto la uzazi, au amehamishwa, au mtoto alimkimbiza ulipokuwa sokoni. Mpe nafasi na maji ya kuoga. Manyoya yakiota vizuri na tabia hairudi, fikiria maumivu.

Kudondosha manyoya kidogo kidogo ni kawaida. Ngozi kubaki wazi, au kinda kupoteza manyoya yote ya mabawa na mkia, si kawaida, na baadhi ya visababishi ni virusi vinavyoambukiza. Mtenge na wenzake.

Mguu mmoja umelegea.

Angalia pete kwanza, kama imebana na mguu umevimba. Usiikate kwa mkasi nyumbani. Kama hakuna pete wala jeraha, uvimbe wa figo au korodani unaweza kuwa umeubana mshipa wa fahamu. Mpunguzie urefu wa vijiti ili asianguke, umpeleke.

Nimpe dawa ya kuku kwenye maji?

Hapana, na hili naliomba kwa kila mtu. Paketi ile imepimwa kwa kuku wa kilo mbili. Kasuku ni gramu 35, anakunywa maji kidogo sana, na akiumwa anakunywa kidogo zaidi au anayakataa kwa uchungu wa dawa. Matokeo ni mawili: hapati dawa, au hapati hata maji.

Madaktari wa mifugo wa hapa kazi yao kubwa ni ng'ombe, mbuzi na kuku, na wengine watakwambia wazi kwamba kasuku si eneo lao. Usikate tamaa kwa hilo. Nenda na karatasi ya kinyesi cha asubuhi, orodha ya uzito, na video ya simu inayoonyesha ile tabia, kwa sababu mbele ya mgeni ndege atajikaza na kuonekana mzima. Kwa vitu hivyo daktari anaweza kushauriana na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ambako kuna shule ya tiba ya wanyama, bila wewe kumsafirisha ndege mgonjwa kwenye basi.

Mmoja amekufa ghafla. Waliobaki nifanyeje?

Usimtupe mara moja. Mfunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, umweke penye baridi, lakini asigandishwe, umuulize daktari kama anaweza kumpasua kuona chanzo. Kwa waliobaki hilo lina faida kuliko dawa ya kubahatisha. Kumbuka pia kilichotokea siku hiyo: kikaango, dawa ya wadudu, ndege mpya uliyemleta. Mgeni yeyote alipaswa kukaa chumba chake siku 30 kabla ya kuchanganywa.

Kusafisha tundu, lilowanishe kwanza kwa maji na sabuni, usifagie vumbi kavu, na funika pua na mdomo. Kasuku huweza kubeba bakteria anayeitwa Chlamydia psittaci, ambaye humwingia mtu kwa kuvuta vumbi la kinyesi na manyoya na kuleta homa, kichwa kuuma na kikohozi kikavu, wakati mwingine nimonia. Watoto na mama mjamzito wasifanye kazi hiyo. Na mtu wa nyumbani akipata homa wiki hizo, akifika hospitali aseme kwamba nyumbani kuna kasuku na mmoja amekufa. Asipoulizwa aseme mwenyewe, kwa sababu vipimo vya malaria havionyeshi ugonjwa huo na dawa yake ni nyingine.